Dakika Ishirini na Mbili

Alipokea kikombe kwa mkono wa kushoto.

Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, na nilikiona mimi peke yangu. Kwa miezi saba nilikuwa nikimpa Ruel chai ya tangawizi kila anapotoka majini, na kwa miezi yote saba aliipokea kwa mkono wa kulia, vidole vyake vikikaa juu ya vyangu muda mrefu kidogo kuliko unaohitajika kupokea kikombe. Siku hiyo mkono wa kulia ulibaki umelala kwenye paja lake, kama mzigo ambao mtu mwingine amemwachia amshikie.

Mjomba Dading, mwenye ngalawa, hakuona. Alikuwa anakunja kamba za wazamiaji huku akimtania. Alimwambia aanze mazoezi ya kupiga magoti mapema, kwa sababu baba yangu, mzee Crisanto, hana miguu ya kumfukuzia mtu lakini ulimi wake unakimbia hadi Manila na kurudi. Ruel alicheka kwa mdomo tu. Macho yake hayakucheka.

Nikautazama ubao.

Kazi zangu kwenye ngalawa ile zilikuwa mbili, kupika na kushika ubao wa saa. Mtu akishuka mita mia moja na ishirini, kufika ni dakika chache, lakini kupanda kunamchukua karibu saa tano. Lazima asimame njiani, hapa dakika tatu, pale kumi, kituo cha mwisho zaidi ya saa nzima, mpaka hewa iliyojibana mwilini itoke polepole. Akifanya haraka, hewa hiyo inageuka mapovu ndani ya damu. Shule niliishia darasa la tano, lakini saa naisoma vizuri. Ubao ulisema Ruel atatoka majini saa nane na dakika thelathini na mbili. Alitoka saa nane na kumi.

Nilipomwona anaibuka nilijiambia labda mimi ndiye niliyekosea kuandika. Hata hivyo nilimwonyesha ubao. Hakuutazama sana. Alisema saa yake ya mkononi huwa inaweka dakika za ziada kwa ajili ya waoga, kisha akanikonyeza.

"Wazazi wangu wameshafika kwenu, Meding. Leo ndiyo siku ambayo siwezi kuchelewa."

Ni kweli. Wazazi wake walikuwa wametoka Iloilo kwa meli, na nguruwe wa kuchoma, na vikapu vya wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba, waje kuniposa. Kwetu, mwanamume akichelewa siku ya posa ameshasema yeye ni mume wa namna gani. Kuna nyumba kijijini kwetu ilifunga mlango kwa sababu ya robo saa, chakula kikaliwa na majirani. Kwa hiyo Ruel alizipiga hesabu dakika zake kule chini, mita sita chini ya miguu yangu, akaona ishirini na mbili zinaweza kuachwa.

*

Watu wa Iloilo wanaongea kama wanaoimba. Hata wakigombana utadhani wanabembelezana. Ruel alikuja kwetu pamoja na bosi wake, Dokta Pacita, kuhesabu viumbe vinavyoishi kwenye matumbawe ya chini kabisa, pale mwanga wa jua unapoishia. Mtambo wanaobeba mgongoni unaisafisha pumzi yao na kuwarudishia, hautoi povu hata moja. Ukikaa juu huoni kitu. Unaangalia maji, unaangalia ubao, unaomba.

Jioni alikuwa akinionyesha picha. Mahali nilipopajua mimi kama giza lililokula miguu ya baba yangu, yeye alipaleta juu kwa picha, samaki wadogo wa rangi ya machungwa, sifongo zilizojikunja kama masikio, matumbawe mapana kama sinia yaliyotandazwa ili yasipoteze hata tone la mwanga. Wengine hawana jina bado, aliniambia. Akaniuliza mimi ningemwitaje mmoja wao.

Mimi ni mtu ambaye sokoni naonyesha kitu kwa kidole ili nisilazimike kuongea. Hakuna aliyewahi kuniomba jina la kitu chochote. Nilimjibu baada ya siku tatu, na siku zote tatu hakunihimiza, alikuwa akinitazama tu, anasubiri, kama mtu aliyezoea kusubiri vitu vinavyojificha. Hapo ndipo nilipojua nimekwisha.

Baba yangu hakumchukia. Ndilo lililokuwa gumu. Baba alikuwa mzamiaji wa kompresa, kama nusu ya wanaume wa kwetu, mpira mdomoni na mashine ya hewa inanguruma juu kwenye ngalawa. Miaka kumi iliyopita alikamatwa. Sisi tunasema hivyo, fulani amekamatwa, na kila mtu anaelewa ni kule chini kulikomkamata. Wenzake walifanya kama ilivyofanywa siku zote, wakampa mpira wakamrudisha chini ili kina kimwachie. Hakikumwachia. Tangu hapo anakaa dirishani kwenye kiti chake cha magurudumu na redio ya ngalawa pembeni, anasikiliza boti zote za mlango wa bahari, na mimi niliacha shule ili nimuogeshe.

Ruel alipokuja kuomba ruhusa ya kunitembelea, Baba alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema hana neno na yeye, ana neno na kule anakoshuka.

"Siku nikisikia umekamatwa," alimwambia, "hata kidole kimoja, usirudi mlangoni kwangu. Binti yangu ameshabeba mwanamume mmoja asiyetembea. Hatabeba wa pili."

Ruel alikubali. Wakapeana mikono.

*

Kwa hiyo niliposogea karibu yake, nikainama kama ninayeokota kikombe, nilikuwa nimeshajua anaficha nini na kwa nini.

"Mkono una nini?" nikauliza.

"Umekufa ganzi tu. Niliukalia vibaya kwenye kamba."

"Ruel."

Huwa simwiti kwa jina mbele za watu. Alinitazama, nikaona anaogopa kuliko mimi.

"Ni bega," akasema chinichini. "Linauma kwa ndani, kama jino. Litaisha. Usiseme kitu, Meding. Tufike, nivae shati, tukae na baba yako saa mbili tu. Kesho alfajiri nitakwenda hospitali mwenyewe."

"Na mguu?"

Mguu nilikuwa nimeuona. Vidole vyake vya kulia vilikuwa vinapapasa mbao za ngalawa, vinazitafuta, na mbao zilikuwa palepale chini yake.

Dokta Pacita hakuwepo. Yeye hakushuka sana siku hiyo, alimaliza vituo vyake mapema, akaondoka kwa boti ya kasi na samaki waliopatikana. Samaki wa kule chini hawezi kupandishwa hivihivi, anapasuka. Wanamweka ndani ya pipa la chuma lililofungwa, wanamshusha presha kidogo kidogo kwa siku mbili. Samaki wawili wa ukubwa wa kidole walikuwa salama ndani ya pipa lao. Sisi tulikuwa watu watatu katikati ya maji.

Mjomba Dading akageuka. Safari hii aliona. Mtu aliyeishi na kompresa maisha yake yote haelezwi. Utani ulimtoka usoni mara moja. Alikwenda nyuma, akafunua turubai, na pale chini yake palikuwa na ile mashine yake ya zamani, na mpira wa njano umezungushwa vizuri.

Alisema tumrudishe chini. Nusu saa, mita kumi na tano, mtu anarudi mzima. Yeye mwenyewe amerudishwa mara mbili na anatembea. Aliongea kwa upole, kwa mapenzi kabisa, kama mtu anayetoa dawa ya nyumbani kwao.

"Na hakuna atakayejua," akamalizia. "Saa kumi na moja unakula nguruwe na baba mkwe."

Nilisubiri Ruel akatae. Ruel ndiye aliyewaita wazamiaji wote kanisani mwezi wa pili, akachora mwili wa mtu kwenye karatasi kubwa, akawaambia kwamba kumshusha mgonjwa kwa mpira ni kumzika akiwa hai. Niligawa biskuti kwenye mkutano ule. Nilimsikia kwa masikio yangu.

Aliutazama mpira wa njano. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Kama ni muda mfupi," akasema.

Katika yote ya siku ile, hakuna kilichonitisha kama maneno hayo manne. Bahari niliizoea kuiogopa. Lakini mtu aliyejua kuliko sisi sote alikuwa ameshapotea njia kwa hofu, na aliyebaki na akili zake nilikuwa mimi. Nilitamani awepo mtu mwingine.

Redio ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya kibanda. Sikuwahi kuigusa. Ukibonyeza kile kitufe, unasikika kwa kila mvuvi kuanzia kisiwa cha Verde mpaka bandari ya Batangas, na unasikika dirishani kwetu, ambapo wakati huo Baba alikuwa amevaa shati lake la pasaka, na wazazi wa Ruel wamekaa kando yake na soda mkononi.

Nikasimama. Ruel alielewa kabla sijafika.

"Meding." Sauti yake ilikuwa ileile ya kubembeleza. "Ukibonyeza hiyo, sisi tumekwisha. Unajua tumekwisha. Nipe nusu saa tu."

Mjomba Dading alikuwa ameshavuta kamba ya mashine mara moja. Haikuwaka. Akavuta tena, ikawaka.

Nikabonyeza.

"Hii ni ngalawa ya Dading," nikasema. Sauti ilinitoka nyembamba, kama ya mtoto. "Ruel amekamatwa. Mkono wa kulia na mguu wa kulia. Ametoka dakika ishirini na mbili kabla ya wakati. Tunaomba hospitali iandae chumba cha presha. Tunakuja."

Nikaachia kitufe. Halafu redio ikakwaruza, na wa kwanza kujibu hakuwa Dokta Pacita.

"Meding." Alikuwa Baba. "Nasikia kompresa inanguruma hapo. Mwambie Dading aizime."

Mjomba Dading aliizima bila kuambiwa mara ya pili.

"Asimshushe. Unanisikia? Mlaze chali, mpe oksijeni yote mliyo nayo, anywe maji. Usimwache asinzie. Na wewe usiogope."

Ya mwisho hiyo sikuweza kuitii.

*

Tulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni. Nilimvalisha barakoa, nikaikaza mikanda nyuma ya nywele zake zilizoloa, na hakunisaidia. Aligeuzia uso upande wa maji. Mjomba Dading alisukuma injini mpaka mbao za ngalawa zikalia. Mpaka bandarini ni saa moja na dakika kumi. Mshale wa mtungi ulikuwa nusu.

Kila baada ya dakika tano nilimbana kidole gumba cha mguu wa kulia na kumuuliza kama anasikia. Alijibu ndiyo. Nikaandika kwenye ubao, kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini kingine. Ndiyo, nikaandika. Ndiyo. Ndiyo kidogo.

Alizungumza mara moja tu bila kuulizwa. Alivuta barakoa pembeni akasema mama yake alishona gauni jipya kwa ajili ya leo, sasa atalivaa hospitali. Nikairudisha barakoa mahali pake. Nilitaka kumwambia anisamehe, lakini sikuwa najuta, na sikutaka neno la kwanza la uongo kati yetu liwe hilo.

Tulipopita mnara wa taa, nilibana tena kidole. Nilibana kwa kucha.

"Unasikia?"

"Umeshaanza kubana?" akauliza.

Sikuandika kitu kwenye ubao. Nilimwambia Mjomba Dading aongeze mwendo, naye akasema hakuna mwendo mwingine uliobaki. Nilikichukua kichwa cha Ruel nikakiweka mapajani, na mara hii hakugeuka. Alinishika gauni kwa mkono wa kushoto, ngumi nzima, kama mtu aliyening'inia. Mshale ulikuwa umegusa rangi nyekundu. Nilianza kuhesabu pumzi zake kwa sauti, na nilipokosea nilianza upya.

Machela ilikuwa inangoja gatini. Dokta Pacita pia, bado na vazi la mpira, nywele zimekauka chumvi. Alimtazama Ruel, akautazama ubao mkononi mwangu, kisha akaniuliza maswali ambayo yote niliweza kuyajibu kwa saa na dakika.

*

Kile chumba ni pipa kubwa la chuma lenye mlango mzito na kidirisha cha mviringo. Walimfungia ndani na muuguzi mmoja, na sisi tukakaa nje kwenye mabenchi. Mama yake Ruel alikuja na gauni lake jipya la buluu na kikapu cha wali wa kunata alichosahau kukiweka chini. Alikaa karibu yangu. Aliniuliza kama ni mimi niliyeongea kwenye redio. Nikatikisa kichwa kukubali. Alinishika kifundo cha mkono, hakuniachia, na baba yake Ruel akaenda kusimama mbele ya ukuta, akiusoma mchoro wa mapafu kana kwamba atafanya mtihani.

Saa ya kwanza hakuna aliyetoka. Saa ya pili hakuna aliyetoka.

Baba aliletwa na gari la jirani wakati daktari alipokuwa anatoka kutuambia. Tulisikia pamoja. Alisema vidole vya mguu vimeanza kucheza. Atarudishwa mle ndani kesho na keshokutwa, huenda na siku nyingine baada ya hapo, atajifunza kutembea kwa uangalifu, na kushuka baharini asahau kwa muda mrefu. Lakini atatembea. Tungefika saa mbili baadaye, alisema, asingetuambia hivyo. Wangemshusha kwa mpira, asingekuwa na la kutuambia kabisa.

Mama yake Ruel alilia kwa sauti. Mimi nilikwenda kwenye kidirisha. Ruel alikuwa amelala, macho wazi, na aliponiona midomo yake ilisema kitu ambacho chuma kilikizuia kisinifikie. Sikujua kama ni hasira au shukrani. Akakisema tena polepole, mpaka nikaelewa kwamba ni jina langu tu. Mara zote huwa nainamisha macho. Safari hii sikuinamisha.

Niliporudi, Baba alikuwa amejisogeza mpaka mbele ya wazazi wa Ruel. Aliomba radhi kwamba posa imefanyika kwenye benchi la hospitali. Kisha akanigeukia.

"Nilisema akikamatwa asirudi mlangoni kwangu," akaanza. "Na leo amefanya mawili. Amekamatwa, na alitaka kunificha. Njiani nilikuwa nimeshapanga maneno ya kuwaambia hawa wazee wachukue nguruwe wao."

Nilishika ukingo wa benchi.

"Lakini nilikusikia kwenye redio. Miaka ishirini na moja sauti yako haijawahi kutoka nje ya ile nyumba. Leo imesikika bahari nzima, tena ulijua utakachokipoteza. Akipona, aje. Binti anayeona na kusema, hata nikimwozesha kwa samaki nitalala usingizi. Kama siku yangu ile kungekuwa na mtu mmoja tu wa namna yako kwenye ngalawa, leo ningekuja hapa kwa miguu."

"Mimi nilikuwepo ngalawani, Baba."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto wa miaka kumi na moja angejua nini?"

Mama yake Ruel alikuwa anafuta machozi huku akitabasamu, ameanza kufungua jani la mgomba ili tule kitu. Kila nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa kimeshatolewa na kuwekwa mapajani mwangu. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote. Nikapiga magoti mbele ya kiti chake, ili nisizungumze naye kutoka juu.

"Nilijua, Baba," nikasema. "Ulijimwagia kahawa ya moto gotini na hukushtuka. Wenzako walikuwa wanagawana samaki, hakuna aliyekutazama, mimi nilikuwa nakutazama. Niliona aibu kuongea mbele ya wanaume. Nikanyamaza mpaka ukaanguka."